Mbachao na Msala Upitao: Kwa Nini Baadhi ya Wakristo Hukataa Kulifikiria Kanisa Upya

Wanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema na methali isemayo "Usiache mbachao kwa msala upitao." Tunafafanuliwa kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa, kwamba msala ni mkeka wa kusalia, na kwamba mtu asikitupe chake kikuukuu kwa kutamani kizuri cha mpita njia. Hapa Uganda wazo hilo husikika kila mara mazungumzo juu ya kanisa yanapozuka. Kijana akisema kwamba ibada yaweza kufanyika sebuleni, kwamba anayehubiri si lazima avae joho, au kwamba sadaka ingeweza kulipa karo za mayatima badala ya kuezeka paa jipya, mzee mmoja hujibu kwamba kanisa ni lile tulilolikuta. Mjadala huishia hapo.

Katika makala haya nataka kuuanza mjadala pale unapoishia. Swali langu ni hili: kwa nini baadhi ya Wakristo, hasa wa Buganda ninakotoka, hukataa kulifikiria upya kanisa? Kuna majibu mawili yaliyozoeleka. Vijana wa vikundi vya sala vyuoni husema wazee ni wakaidi na Biblia hawaijui. Wazee nao husema wanalinda imani waliyoachiwa na mababu. Naona majibu yote mawili yamepungukiwa. Wengi wa wanaokataa hawalindi fundisho fulani la imani. Wanalinda nafasi yao miongoni mwa watu, na swali lao kubwa, ingawa hawalitamki, ni: nikifa, nani atanizika? Wapo pia wanaokataa kwa sababu nyingine kabisa, sababu ya kiti na mamlaka. Mhakiki anayewaweka watu hawa wote katika kapu moja hatawaelewa hata kidogo.

Neno lililogeuka nyumba

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno "kanisa" lilitufikia kupitia Kiarabu, nacho kilikuwa kimelipata kutoka Kiaramu, ambako maana yake ilikuwa mkusanyiko. Katika Luganda, Waprotestanti husema "Kkanisa", jina hilohilo, ilhali Wakatoliki husema "Klezia", linalotokana na Kilatini na kabla ya hapo Kigiriki, ambako lilimaanisha mkutano wa watu walioitwa. Mganda akitamka moja kati ya maneno hayo mawili, unajua papo hapo alibatizwa upande gani. Maneno yanayotutenganisha hivyo yana maana moja ya asili: watu waliokusanyika. Yalizaliwa yakiwa na watu ndani yake, yakazeeka yakiwa na matofali.

Sarufi ya Kiswahili nayo imesaidia uzee huo. Tunasema "naenda kanisani" kama tusemavyo "naenda sokoni". Kiambishi hicho kidogo cha mwisho, -ni, kinalifanya kanisa kuwa mahali pa kwenda na kurudi. Anayeenda kanisani lazima awe ametoka mahali pengine pasipo kanisa, yaani nyumbani kwake, kazini kwake, katika maisha yake ya siku sita. Tazama pia upatanisho wa kisarufi katika vichwa vya habari: "Kanisa limesema", "Kanisa limekataa". Ukiisoma habari yenyewe, mara nyingi unakuta aliyesema ni askofu au katibu wake. Mwandishi angeandika "Wakristo wamesema", msomaji angeuliza: Wakristo gani, na walikaa lini wakakubaliana? Lakini "Kanisa limesema" haliulizwi swali. Ngeli ya li- imewafunika watu.

Luganda ina ushahidi mwingine unaonivutia zaidi. Kitenzi "okusoma" humaanisha kusoma kitabu, lakini pia humaanisha kusali pamoja. Jumapili ukimuulizia jirani unaambiwa "agenze kusoma", nawe unajua yuko kwenye ibada. Matumizi hayo yana historia. Wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, na mapadri Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Waliowafuata waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Walitambulikana kwa kitendo chao, wala jina hilo halikutaja nyumba yoyote. Walikuwa vijana wa ikulu waliokaa kwenye nyua, kitabu kimoja mikononi mwa wengi. Kati yao wakatoka mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambao leo tunawakumbuka Namugongo kila tarehe 3 Juni.

Hapo ndipo utetezi wa wazee unapoanza kuyumba. Ikiwa tunalinda tuliyoachiwa na waliotutangulia, basi waliotangulia kabisa walituachia kusanyiko lisilo na mnara wala kengele. Hata Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana wa Kampala, lilianza kwa miti, matete na nyasi. Moja kati ya majengo ya mwanzo liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. La matofali lililokamilika mwaka 1904 liliungua kwa radi mwaka 1910, na hili tunaloliona leo likakamilika mwaka 1919. Ninapowasikia Waanglikana wenzangu wakiyacheka makanisa ya biwempe, yaani yale ya kilokole yanayozungushiwa mikeka ya matete, hujiuliza kama wanajua wanamcheka nani. Babu wa kanisa letu naye alikuwa kiwempe.

Dini iliyokuwa shamba

Hata hivyo, kuonyesha kwamba jengo lilikuja baadaye hakutoshi. Vijana wengi huishia hapo, wakidhani wameshinda hoja. Swali linabaki: ikiwa jengo lilikuja baadaye, limewezaje kushika mioyo kwa nguvu hivyo?

Jibu mojawapo limo katika historia ya ardhi. Mwaka 1892 Waganda walipigana Mengo wao kwa wao, Waprotestanti waliojulikana kama chama cha Waingereza na Wakatoliki waliojulikana kama chama cha Wafaransa. Baada ya vita hivyo, utemi na maeneo viligawanywa kwa kufuata dini. Mkataba wa 1900 uliimarisha mpangilio huo, na misheni zenyewe zikatambuliwa kuwa na ardhi. Kutoka hapo, kuwa wa Kkanisa au wa Klezia kulimaanisha mtemi gani atakusikiliza, mtoto wako atasoma shule ipi, na baadaye utakipigia kura chama kipi. Chama cha DP kilichoundwa mwaka 1954 kilitaniwa kuwa ni "Dini ya Papa", na UPC kilichofuata mwaka 1960 kikahesabiwa kuwa cha Waprotestanti. Mizaha hiyo ingali hai katika vinywa vya wazee.

Katika mazingira hayo dini ilikuwa kama ukoo wa pili. Ukoo una makaburi, una mashamba, una majina ya kurithi. Mtu haulizwi kama anakubaliana na ukoo wake, huzaliwa ndani yake. Kwa hiyo kijana anapomwambia babu yake, "Tulifikirie upya kanisa," kijana anadhani ametoa wazo, ilhali babu amesikia akiambiwa ahame shamba. Sisemi babu yuko sahihi. Ninasema hawajasikia sentensi moja, na mhakiki wa lugha anapaswa kuliona hilo kabla ya kumwita mtu mkaidi.

Msala uliogeuka mbacha

Yupo atakayesema kwamba tabia ya kukataa iko katika damu ya Wakristo wa kale, na kwamba mageuzi lazima yatoke nje. Historia ya Walokole inampinga.

Neno "mlokole", ambalo Kiswahili kimelikopa kutoka Luganda, humaanisha aliyeokoka. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana hapa Namirembe na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930 uamsho ukatoka Gahini na kuenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Kilichowashtua viongozi kilikuwa namna Walokole walivyokaa pamoja. Waliungama dhambi hadharani, Mwafrika na Mzungu, mpishi na mwalimu, wakaitana ndugu. Walikutana barazani na chini ya miti, katikati ya juma, bila kumngoja kasisi. Tukisema kwa lugha ya leo, walilifikiria upya kanisa kwa vitendo.

Wanafunzi wenzangu, tukio la Mukono latuhusu sisi hasa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Bishop Tucker walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wameagizwa waache kuamka alfajiri kusali pamoja na waache kuhubiriana chuoni, wakakataa. Chuo kilichoanzishwa kuwafundisha watu kusali kiliwafukuza watu kwa kusali. Lakini jambo lenye uzito zaidi ni lile lililofuata. Walokole walio wengi hawakutoka wakaanzisha dhehebu lao. Walibaki wakisali katika viti vilevile na watu waliowafukuza, na kadiri miaka ilivyopita, kutoka katika uamsho huo wakapatikana maaskofu kama Festo Kivengere na Janani Luwum, huyu wa mwisho akiuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin.

Leo, walokole wazee wa mtaani kwetu ndio wa kwanza kulishuku gitaa na ibada ya vijana. Utaratibu wao wa ushuhuda, mpangilio wa nyimbo zao, hata mavazi yao yamekuwa sheria. Nawaheshimu sana, na nyumba yetu imelelewa na sala zao. Ila wanatufundisha jambo ambalo methali yetu haikulisema: kila mbacha ulikuwa msala siku moja. Anayeulinda mbacha kwa hoja kwamba haukuwahi kuwa mpya amesahau siku ulipofumwa.

Hofu ya Kanungu

Ipo sababu nyingine ya kukataa ambayo vijana huipuuza, nayo ni hofu. Hofu hii ina tarehe. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la sala. Baadaye maiti nyingine nyingi zilifukuliwa katika nyumba zilizotumiwa na viongozi wake. Waliozaliwa baada ya hapo, kama mimi, tumekua tukilisikia jina hilo likitumiwa kama onyo. Mwaka 2023 habari za Shakahola, karibu na Malindi nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, zilifanya onyo hilo liwe jipya tena. Mzazi anayemkataza mwanawe kujiunga na kikundi kinachosali katika nyumba ya mtu si lazima awe mjinga. Anaona kwamba parokia ina daftari, ina askofu anayeweza kushtakiwa, ina majirani wanaoingia na kutoka. Sebule ya mhubiri haina hata kimoja kati ya hivyo.

Hoja hii ni nzito, na vijana wanaotaka mageuzi wanapaswa kuijibu kwa adabu. Lakini tuitazame kwa makini. Je, Kanungu ilikuwa matokeo ya kulifikiria kanisa upya? Viongozi wake walitoka katika Ukatoliki, mmoja wao akiwa padri. Jina lenyewe la kundi lilizungumzia kurejesha, yaani kurudi kwenye yale ya zamani kwa ukali zaidi. Waumini walivaa sare, walifunga, na mazungumzo ya kawaida kati yao yalizuiwa, hata wakazoea kuwasiliana kwa ishara. Hapo hapakuwa na fikra mpya juu ya kanisa. Palikuwa na utii wa zamani ulioondolewa kila mtu wa kuuliza.

Kwa maoni yangu, basi, Kanungu inawaonya wazee na vijana kwa pamoja. Inamwonya kijana kwamba sebule isiyo na hesabu wala majirani yaweza kuwa mtego. Inamwonya mzee kwamba kuwanyamazisha wanaouliza hakumlindi mtu yeyote, kwa kuwa wale waliokufa Kanungu walikuwa wamenyamazishwa kuliko watu wote.

Wanaokataa kwa sababu ya kiti

Hadi hapa nimewatetea wanaokataa kuliko walivyotarajia wenzangu. Sasa niwageukie wengine.

Katika utenzi wa Okot p'Bitek uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, ambao Kiswahili kimeupokea kama Wimbo wa Lawino, mhusika mkuu anasimulia alivyojaribu darasa la jioni la dini. Walikaririshwa maneno wasiyoyaelewa, huku nje ngoma za vijana wenzake zikisikika. Baadaye Lawino anauliza maswali juu ya uumbaji: Muumba aliutoa wapi udongo, naye alikuwa wapi kabla ya kuumba? Ni maswali ambayo mtoto yeyote mwenye akili angeyauliza. Walimu wa dini wanakasirika, na Ocol, mumewe msomi, anaona ni upuuzi wa msichana wa kijijini asiyesoma.

Wahakiki wengi huusoma utenzi huo kama mgongano wa Uafrika na Uzungu. Mimi hapo naona pia kitu kidogo zaidi na cha kila siku: mtu mwenye cheo anaulizwa swali asiloweza kulijibu mbele ya watu. Hasira yake haitokani na imani. Kwa mtu huyu, kulifikiria upya kanisa ni kukifikiria upya kiti chake, nani anashika daftari la sadaka, nani anaamua ndoa ipi ifungwe, nani anakaa mbele. Yeye ndiye hufaidika na ile sarufi ya "Kanisa limesema". Na mara nyingi huyatumia maumivu ya wanyonge kama ngao, akisema kwamba mageuzi yatawachanganya "waumini wetu wa kawaida", ingawa hajawahi kuwauliza waumini hao lolote.

Okot mwenyewe, akiwa mtafiti, alieleza jinsi mapadri walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ile ya Biblia, swali likafika kama "nani aliyewafinyanga?" Wazee wakamtaja Rubanga, pepo aliyeaminiwa kuwapinda watu mgongo, na jina hilo likaingia kanisani kuwa jina la Mungu. Simulizi hilo linatosha kumnyima mtu yeyote ruhusa ya kusema kwamba maneno tuliyorithi yalishuka yakiwa kamili. Yalipita katika vinywa vya watu, yakapata makosa ya watu, na watu wanaweza kuyatazama tena.

Nani atanizika?

Nirudi sasa kwa muumini asiye na kiti, kwa kuwa ndiye wengi wetu.

Mwaka juzi, katika kijiji cha jirani na chetu, alifariki fundi baiskeli mmoja. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameacha kwenda kwenye ibada za parokia, akawa anasali nyumbani na familia nne. Walisoma Biblia kwa zamu, wake kwa waume, na waligawana walichokuwa nacho. Ukiwauliza vijana wa chuoni, hilo ndilo kanisa la asili lililofufuka. Siku ya mazishi ikafika. Kiongozi wa ibada wa eneo hilo alisema hawezi kuleta kwaya wala kuendesha ibada kwa mtu ambaye jina lake halimo tena kwenye daftari la michango. Familia ikangoja hadi jua likaanza kushuka. Wale wa familia nne walikuwa watu waaminifu, lakini hawakuwa na sufuria za kutosha, wala turubai, wala hawakujua nani aanze kusema na nani afuate.

Waliookoa siku ile walikuwa watu wa munno mukabi. Kwa wasiotoka Buganda, huo ni umoja wa wanakijiji wanaochanga fedha na kununua vyombo kwa ajili ya misiba. Jina lenyewe lamaanisha rafiki wakati wa shida. Walileta masufuria, kuni, sahani na mikeka. Wanaume waliochimba kaburi walikuwa Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu wawili. Bibi mmoja mlokole akaanzisha wimbo, mzee mwingine akaomba, na fundi akazikwa kabla ya giza.

Nilipomsimulia bibi yangu mipango ya marafiki zangu ya kuanzisha ushirika wa majumbani, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo kanisa lenu la sebuleni lina jembe?" Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa ameuliza swali la theolojia kuliko mengi niliyoyasikia mimbarini. Kanisa lake lina kwaya ya akina mama watakaolala chini siku tatu nyumbani kwake atakapofariki. Lina mtu atakayesoma jina lake kwa sauti. Tunamwomba aachane na hayo, nasi mkononi tuna Biblia, simu na nia njema.

Mwezi Machi 2020 serikali ilifunga makanisa kwa sababu ya Korona. Yalifunguliwa Septemba kwa watu wasiozidi 70, na katikati ya 2021 yakafungwa tena. Kwa muda huo wote kila nyumba ya Kikristo ililazimika kuwa kanisa, ikitaka isitake. Wapenda mageuzi husema kipindi kile kilithibitisha kwamba jengo halihitajiki, na wapinzani wao husema haraka ya watu kurudi ilithibitisha kinyume chake. Nyumbani kwetu nilishuhudia yote mawili. Mama aliongoza sala, jambo ambalo parokiani hakuwahi kupewa nafasi ya kulifanya, na dada yangu mdogo akauliza maswali ambayo hajayauliza tena tangu turudi kwenye viti vya mbao. Lakini jirani yetu alipozikwa na watu wachache kwa amri ya serikali, mama alilia kuliko alivyolia kwa kukosa Jumapili zote zile. Ibada ya nyumbani ilimtosha kwa sala. Haikumtosha kwa kifo.

Hitimisho

Uhakiki huu unanifikisha kwenye hukumu mbili. Vijana wanaotaka kulifikiria upya kanisa wana haki ya historia upande wao: wasomaji wa kwanza, matete ya Namirembe na wanafunzi wa Mukono wote wanawaunga mkono. Udhaifu wao ni kwamba wameanza na ibada, sehemu iliyo rahisi kuhamisha, wakaacha mazishi, mayatima, wagonjwa na daftari la hesabu, ambavyo ndivyo vinavyomfunga mtu kwa kanisa lake. Kabla ya kumwalika mzee sebuleni, wangeulizana nani ataamka usiku wa manane atakapopigiwa simu ya msiba.

Kwa upande wa wanaokataa, wale wanaolinda nafasi yao miongoni mwa watu wanastahili kusikilizwa. Ila nao watazame nini kilitokea kwenye kaburi la yule fundi. Daftari walilolitegemea ndilo lililofungwa usoni pa mfiwa, na waliofanya kazi ya kusanyiko, kwa maana ile ya Kiaramu na ya Kigiriki, walikuwa majirani wasiouliza cheti cha ubatizo. Mwenye kiti aliyelifunga daftari hilo hawezi kusema alikuwa analinda imani ya mtu yeyote.

Methali yetu inahusu mikeka miwili, mmoja umechakaa na mwingine unapita. Haisemi lolote kuhusu sala yenyewe, wala haikatazi mtu kuufuma upya mkeka wake mwenyewe. Nadhani hapo ndipo mazungumzo kati ya wazee na vijana yangeweza kuanza: tukae pamoja na huo mbacha, tuangalie uzi upi ungali imara na upi umeoza, na vijana waje na jembe.